Jicho Nililolitia Kitabuni

Kila nikikumbuka alasiri zile za mtaa wetu wa Mkomani najionea kinyaa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani kwetu ni mimi pekee niliyejua kusoma herufi za Kizungu. Shangazi zangu na majirani walisoma za Kiarabu tu, Kurani na tenzi zao, kwa hiyo vitabu vya hadithi walivisikia kwa kinywa changu, wakikusanyika kwetu alasiri. Nililolisema ndilo lililoandikwa.

Baba alikuwa ameoa mwanamke wa Siyu, asiye na jamaa mjini. Alitaka jambo moja tu, wanawake wale wamkubali. Kila alasiri alileta mkate wa kumimina aliouoka mwenyewe, akaketi karibu na mlango. Jicho lake la kushoto lilitoka machozi tangu utotoni, naye akilifuta kwa pindo la leso. Mimi nilimchukia kwa sababu alilala katika chumba alichofia mama yangu.

Kitabu tulichokuwa nacho kilikuwa na mama wa kambo mkatili. Siku moja, nikisoma, nikamtia jicho bovu. Kesho yake nikaufanya usaha wake udondokee unga wa mkate. Wanawake wakasonya. Shangazi mmoja akatema tambuu koponi, akasema, "Mchafu yule. Mngu atuepushe naye." Kisha wote wakautazama mkate.

Walijua ni hadithi. Hata hivyo, tangu siku ile hakuna aliyeugusa. Walisema wameshiba, na huku wanatafuna halua aliyoleta jirani. Wanafiki wakubwa, na mimi ndiye imamu wao.

Nami niliona raha. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo, kwamba nilikuwa nikimtazama akiufunika mkate wake kwa kawa, nikaona raha.

Baada ya uhuru, mwalimu mmoja kutoka bara alianzisha kisomo cha wanawake. Mke wa baba alikwenda, wenzake wakimcheka, na hakuacha. Miezi mingi ikapita. Asubuhi moja akanikuta jikoni nakuna nazi, kile kitabu cha mama wa kambo kimo mkononi mwake.

"Mwanangu," akasema, akikiinua kitabu, "chuo hiki nimekisoma chote. Ito langu halimo." Akaligusa jicho lake la kushoto.

Nikaendelea kukuna nazi. Hakunipiga, wala hakunishtaki kwa baba. Aliniomba tu kwamba alasiri, wakikusanyika, niwaambie kuwa jicho lile nililitia mimi. Nikaitikia.

Alasiri akaja na mkate wa moto, akaketi mahali pake. Wanawake walikwisha kujipanga kwenye mikeka, wananingoja. Akaondoa kawa, akanitazama. Nikafungua kitabu kipya nikasoma vizuri sana, bila kuongeza hata neno moja, mpaka adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Wakaondoka kwenda kutawadha. Yeye akaufunika mkate, akaurudisha jikoni mzima kama alivyouleta.