Unyoya wa Daktari Mchina

Kila Jumatatu, daktari Mchina wa kambi ya reli Chimala husugua viganja vipate moto kwanza, ndipo amguse bibi Ng'washi, ambaye kisukari kimemtia ganzi miguuni hata kandambili ikimtoka njiani hajui. Anaogopa kukatwa miguu. Daktari hupima vidole vinne chini ya goti, kwa vidole vya bibi mwenyewe, akachoma hapo, mahali ambapo tiba ya Kichina husema huamsha mguu, sindano ya vitamini; dripu ya vitamini nyingine inaning'inia msumarini. Mwisho hutoa unyoya wa kanga mfukoni, akaupitisha kwenye wayo.

“Bado?”

“Bado, baba.”

Hucheka, kama aliyeambiwa habari njema.

Jumatatu ya tisa, unyoya ulipogusa tu, mguu ulifyatuka, miwani ya daktari ikaruka hadi mlangoni.

“Yaani nimempiga daktari! Nisamehe, baba!”

Daktari alikuwa akipapasa sakafuni, hacheki tena, analia.

“Na wa pili, bibi! Nipige na wa pili!”