Hedwiga, Macho ya Getrude

Ukoma ulimpata Hedwiga wa Chiwanda akiwa bado msichana, na dawa zilimponya wakati vidole vimeshakwisha. Nduguze wakamkimbia. Akapelekwa kambi ya wasiojiweza, vilimani juu ya ziwa, akapewa chumba pamoja na Getrude, kipofu kutoka Ruanda, kijiji cha upande wa Mbinga.

Mmoja aliona lakini hakuweza kushika. Mwingine alishika lakini hakuona. Basi Hedwiga alikaa kwenye kigoda na kuelekeza: "Maji yamechemka, mdogo wangu. Tia unga. Vuta ukuni wa kushoto, unatuunguzia!" Getrude akasonga ugali huku akicheka. Bustani ya mboga waliilima vivyo hivyo, kwa kubishana. Mhudumu wao, Mama Marselina, alipita asubuhi, akagawa maharage na sabuni, akamfunga Hedwiga vidonda vya mguu, akaenda zake. Zaidi ya hapo hawakuhitaji mtu.

Likaja soko huria. Maharage yakaanza kuchelewa, sabuni ikakoma, Mama Marselina akapunguzwa kazini. Mwishowe akaja ofisa mmoja na lori, akawakusanya uwanjani.

"Zama za kubebwa zimekwisha," alisema. "Kila mtu atatunzwa na ndugu zake."

"Na ambaye ndugu hawamtaki, mheshimiwa?" Hedwiga aliuliza.

"Mama, hakuna mtu asiye na kwao."

Getrude akapelekwa Ruanda, Hedwiga akateremshwa Chiwanda kwa kaka yake, Aidan. Huko alilazwa kwenye kibanda cha kuhifadhia usipa, dagaa wakavu wa ziwani. Bakuli lake liliwekwa mbali na vyombo vingine, na watoto wakakatazwa kukanyaga mkeka wake.

"Nimepona, kaka. Madaktari walisema."

"Mimi sibishani na daktari," Aidan alijibu, macho chini. "Nabishana na mke wangu."

Hedwiga alivumilia mpaka masika yakapita. Kisha akaomba lifti kwenye lori la usipa la kwenda Mbinga. Walipopita kambini aliona milango imepakwa rangi ya bluu, na magunia ya kahawa ya mnunuzi binafsi yamejaa chumbani kwao. Hakumwomba dereva asimame. Kutoka Mbinga akapanda gari jingine, akateremka na kuulizia njia hadi nyumbani kwa kina Getrude.

Alimkuta uani, amekaa mkekani, anachambua kahawa kwa vidole.

"Tumsifu Yesu Kristo, Getrude. Ni mimi."

Vidole vya Getrude vikasimama. Kabla hajajibu, akatoka ndani Luisa, mke wa mpwa wake, akaitazama mikono ya mgeni na kurudi nyuma hatua moja.

"Shangazi, unamjua huyu mkoma?"

Getrude akainamia kahawa yake.

"Sauti hii siifahamu," alisema. "Labda amepotea njia."

Hedwiga angeweza kusema yote: chumba, kigoda, kovu la moto mgongoni mwa Getrude, alilokuwa akimpaka mafuta kwa kiganja. Lakini pembeni ya Getrude palikuwa na sahani ya bati, maua mekundu, sawasawa na zile nyingine zilizoanikwa kichanjani. Neno moja tu lingetosha kuitenga sahani ile.

"Kweli nimepotea, mwanangu," alimwambia Luisa. "Naomba maji."

Aliletewa kwenye kata ya kibuyu. "Nenda nayo," Luisa alisema. "Usiirudishe."

Akaishia Mbinga mjini, kwa Mwanahawa, mwenye duka la nguo karibu na soko, aliyempa stoo ya uani alale. Mchana Hedwiga aliketi barazani akilinda vitenge vilivyotundikwa nje. Aliwahi kumsamehe Getrude, halafu akaamka asubuhi hajamsamehe. Ilikuwa hivyo miaka yote.

Siku moja Luisa akaja dukani kununua shuka nyeupe. Hakumtambua Hedwiga.

"Tumefiwa na shangazi yetu kipofu," alimwambia Mwanahawa.

Hedwiga alificha mikono ndani ya khanga. "Poleni, mwanangu. Alikuwa akimtaja mtu?"

"Hata, bibi. Alikuwa mtu wa kunyamaza."

Mwanahawa alipompelekea uji jioni, alimkuta Hedwiga amelala, uso ukutani. Hedwiga akamwambia hana njaa.