Kalondu Aliyemposa Syokau

Jina la Susu Kalondu liliposomwa kwa chifu, mimi Hasina, fundi cherehani, niliacha gauni la mteja likining'inia kwenye sindano nikakimbia hadi ploti yetu, nyuma ya soko la mbuzi la Mwingi.

"Susu, umepata nyumba!"

Susu ndivyo tunavyomwita nyanya huku Ukambani, na huyu ni nyanya wa ploti nzima. Nyumba yenyewe si mchezo! Serikali imewajengea wazee wenye kipato kidogo nyumba za mawe, maji ya mfereji hadi ndani, na sehemu kubwa ya kodi inalipwa na serikali yenyewe. Inayobaki hata muuza ndengu anaimudu. Sisi tunaishi kwenye mabati yanayotuoka mchana kutwa. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Susu aliuliza jambo moja tu. "Na Syokau?"

Syokau ni mke mwenziwe. Mume wao Mutisya alikufa zamani, wakabaki wawili chumba kimoja, wakiuza ndengu pamoja na kugombana tangu alfajiri: chumvi, redio, nani kaacha mlango wazi. Lakini nyumba zile ni za waliotimiza miaka sitini, na Syokau bado. Akiachwa peke yake, hata hicho chumba cha mabati hawezi kukilipia.

Siku ya kuchukua funguo tulienda wote watatu. Afisa alikuwa msichana mcheshi, Wariara.

"Shosho, unaweza kuingia na bwana yako, ama mtu mwenye anakutunza," alisema, akimwita nyanya kwa Kikuyu chake. "Huyu mama ni nani wako?"

"Ni mke wangu," Susu akajibu bila kupepesa.

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mnacheka nini? Mutisya aliogopa kwenda kwao. Mimi ndio nilienda kumposa, mimi ndio nilipeleka mbuzi! Kazi ya shamba ilikuwa imenishinda, nikatafuta mwenzangu."

Wariara alicheka hadi akajipangusa macho. "Shosho, hiyo sasa haiko kwa hii fomu. Lakini anakutunza?"

Jibu lilikuwa rahisi hivyo! Nikashusha pumzi. Kumbe nilimsahau Susu na kiburi chake.

"Mimi nitunzwe? Aiya! Mimi ndio namtunza! Huyu hata ndengu hajui kuchemsha."

Nikamkanyaga mguu. Akanisukuma. Wariara akaweka kalamu chini na kusema kwa huruma kwamba basi hataweza kumwandika Syokau. Nilitaka kumpiga Susu, wallahi.

Saa ya dawa ya macho ya Susu ilikuwa imefika, Syokau akatoa kichupa kwenye kiondo. Susu akainua uso mwenyewe, mdomo bado unalalamika, akatulia kama mtoto anayeoshwa. Syokau akamdondoshea jicho hili, kisha lile, akampangusa shavu kwa ncha ya leso.

Susu alipofumbua macho, hakuna aliyekuwa akicheka tena.

"Mnaangalia nini?" akafoka. Kisha akamtazama Syokau, akamgeukia Wariara. "Haya. Andika ananitunza."

Wariara akaandika! Nikapiga kigelegele mle mle ofisini, askari wa mlangoni akaniambia ninyamaze, nikapiga kingine.

Tulifika kwenye nyumba jua likiwa kali. Susu akashika ufunguo, hakutaka kusaidiwa. Akaukwaruza mlangoni juu, akaukwaruza chini, akatukana fundi aliyetoboa tundu dogo. Sisi tukasubiri. Mwishowe akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Fungua wewe, Syokau. Mimi sioni."

Miaka yote niliyokaa naye, sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Syokau akafungua, kisha akasimama kando ampishe mkubwa wake.

"Tangulia," Susu akamwambia. "Siku ile nilipokuleta nyumbani, si wewe ndio uliingia kwanza?"