Kababu za Upepo Siku ya Wakwe

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Umelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na herufi za r na l zinanichanganya tangu shule ya msingi, ambako ndiko elimu yangu ilikoishia. Mkikuta neno limekaa vibaya, lisomeni hivyo hivyo. Naandika polepole, lakini kusimulia kwa mdomo siwezi kabisa. Mimi ni mtu wa aibu. Mgeni akinisalimia, jibu langu humfikia nikiwa tayari jikoni.

Habari yenyewe ni ya dada yangu. Alikuwa amepata mchumba, kijana mpole wa familia ya wafugaji waliohamia upande wa Mwimbi na ng'ombe wao kutoka kule kanda ya ziwa. Kijana hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee yule alikwisha kwenda kwenye nyumba moja kumtazamia mke mwanawe mkubwa, akapewa chakula, akanawa, akasema, "Hatujala," akaondoka. Shauri likafa pale pale. Kwao, mgeni mzito akisema hivyo amemaliza. Sasa mzee huyo alikuwa anakuja kwetu Kizwite, na dada alikuwa hapati usingizi.

Bahati nzuri, msaada ulishuka kutoka Dar es Salaam. Kaka yangu anaishi huko, na alimtuma mke wake aje atusimamie, kwa sababu sisi, watu wa kula kila siku, tusingejua wageni wanalishwaje. Wifi alifika na sanduku kubwa. Ndani yake mlikuwa na mashine nyeusi yenye umbo la yai lililokatwa kichwa.

"Hii ni eafraya," wifi akasema. "Inakaanga kwa upepo wa moto. Mafuta hakuna. Dar hatuli mafuta siku hizi."

Mama akaitazama kwa heshima zote. "Upepo hata sisi tunao, mkwe wangu," akasema. "Ila wa kwetu ni wa baridi."

Wifi akatangaza kuwa wageni watakula mitiboli. Nikauliza kwa sauti ndogo kama mitiboli ni kababu. Akasema siyo, kababu ni za mtaani. Nilivyoelewa baadaye, tofauti ni kwamba kababu ina ladha.

Mama alikuwa amekwisha kununua kidari cha ng'ombe, kipande kizuri chenye mfupa na mafuta yake, cha kumwekea mzee mbele. Wifi akanipa kile kidari nikakisage. Nilikibeba mpaka Milanzi, kwa muuza nyama mwenye mashine ya kusagia. Akakigeuza mara mbili.

"Kidari kama hiki unasaga? Nyumbani kuna mgonjwa asiye na meno?"

"Kuna wageni," nikasema.

"Hao wageni mmegombana nao?"

Mimi na aibu yangu nikamwonyesha mashine kwa kidole. Akakitoa mifupa, akakata mafuta yote kama wifi alivyoagiza, akakisaga. Mifupa ikabaki kwake, na mbwa wake akaniaga vizuri sana.

Asubuhi ya ugeni tukaanza kazi. Wifi alisoma kwenye simu yake kwamba nyama inachanganywa na chenga za mkate ili ishikane, akatoka kwenda kubadili nguo. Mama akautazama mkate mpya uliokuwa mezani. Kuvunja mkate mzima na kuuficha ndani ya nyama aliona ni kichaa. Akachota unga wa ulezi, ule ule wa ugali, akamimina wa kutosha. "Ulezi unashika kuliko mkate," akaniambia. Na kweli ulishika. Tulipofinyanga viduara, vilikuwa imara kiasi kwamba kimoja kilianguka sakafuni kikadunda.

Kwenye mashine palikuwa na picha ya kuku, ya samaki, ya viazi na ya keki. Picha ya kitu chetu haikuwepo. Wifi akachagua keki. Mashine ikaanza kunguruma, na faida yake ya kwanza ikaonekana mara moja: mama alipasha mikono kwenye upepo unaotoka nyuma. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya huku mnaijua.

Mafuta haikula, nakubali. Ilikula umeme. Kiduara kidogo kidogo, sufuria moja ya nyama ikatuchukua asubuhi nzima, na mita ya luku ikawa inalia kama mtoto aliyeachwa.

"Na mchuzi?" mama akauliza.

"Mama, mitiboli hazina mchuzi. Zinachovywa kwenye sosi."

Zikatoka. Zilikuwa ndogo, kavu, nyeusi kwa ule ulezi, na za mviringo mzuri sana. Mtu anayefuga mbuzi anajua zilifanana na nini. Sisi tulikuwa tunapokea wafugaji.

Dada alichungulia sinia, akanikamata mkono. "Mdogo wangu, ni hizi?"

"Ni hizi."

"Basi nimekwisha," akasema, akajifunika khanga akaenda kukaa mkekani, alipotakiwa kukaa kimya na kutazama chini mpaka wageni waondoke.

Mzee alikuja na dada yake mkubwa, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu. Tukawaamkia shikamoo, tukawanawisha, ugali wa ulezi ukawekwa, na mimi ndiye niliyepewa heshima ya kubeba sinia la mitiboli. Mzee alimega ugali, akaufinya, akaunyanyua, akatafuta pa kuchovya. Hapakuwa na pa kuchovya. Mkono ukabaki hewani. Wifi akamsogezea chupa ya tomato sosi kwa tabasamu la Dar es Salaam lote.

Mzee akaiacha. Akachukua kiduara kimoja, akakishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Binti," akaniambia mimi, katika watu wote waliokuwemo. "Hizi zimetoka wapi?"

"Kwenye mashine, baba."

"Nauliza kwa ng'ombe. Zimetoka sehemu gani ya ng'ombe?"

"Kidari, baba."

"Kidari kina mfupa. Uko wapi?"

"Buchani."

"Na mafuta yake?"

"Nayo buchani."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo muuza nyama ndiye mgeni wenu."

Dada yake akacheka, akajaribu kumtuliza. "Kaka, kula. Tumekuja kumtazama mtoto, hatukuja kumtazama ng'ombe."

"Mimi natazama vyote," mzee akasema. "Mtu akikupa ubavu, amekwambia wewe ni nani kwake. Akikupa kidari, amekwambia. Hiki kinaniambia nini?"

Wifi akaona huo ndio wakati wa kueleza habari za afya ya moyo. Alieleza vizuri, kwa mifano. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akakitia kile kiduara mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu kuliko maelezo yenyewe, akameza kwa nguvu. Kisha akanyoosha mikono aletewe maji ya kunawa. Nilileta maji. Akanawa. Akakung'uta vidole.

"Hatujala," akasema.

Mama akashika kifua. Wifi, ambaye hakujua maana yake, akasema kwa furaha, "Zipo nyingine!"

Ndipo dada yangu akanyanyuka mkekani. Msichana anayetazamwa huwa hasemi. Hiyo wanaijua wao na tunaijua sisi. Aliitoa khanga kichwani, akapiga goti mbele ya mzee.

"Baba, ni kweli hamjala. Hata mimi nisingekula vile. Naomba mkae, niwapikie mwenyewe."

Mzee akamtazama. "Utapika nini?"

"Jogoo yuko nje. Ana mifupa yake yote."

Yule mama mnene akapasuka kicheko akapiga paja. Mzee hakucheka. Alilegeza koti lake na kuegemea kiti. "Basi tukae," akasema. "Nimetoka mbali."

Kumpata jogoo ilikuwa kazi yangu na ya wifi. Jogoo wetu hakuwa na habari za afya ya moyo; alikimbia kwa moyo mzima. Wifi alimfukuza akiwa na viatu vyenye kisigino kirefu mpaka kwenye shamba la jirani, na nilimwona akipita katikati ya mabua akipiga kelele, "Wifi, zungukia kule!" Nikakiri moyoni kwamba tangu afike hiyo ndiyo siku aliyotufaa.

Dada alipika kwenye mkaa, kwa mafuta, vitunguu, nyanya na mchuzi mwingi. Alipopakua, alimwekea mzee firigisi juu kabisa, peke yake, palipoonekana na wote.

Mzee akaitazama. "Hii naijua," akasema, akala. Alichovya ugali mpaka bakuli likabaki jeupe.

Wakati wa kuaga alimwambia mama, "Mavuno yakiisha tutarudi. Safari hiyo ng'ombe tutakuja naye sisi, akitembea kwa miguu yake, ili kila mtu ajue anakula sehemu gani yake." Mama alianza kulia, dada akaanza kucheka, na mimi niliyetakiwa kuwafungulia mlango nilikuwa nimejificha nyuma yake.

Kwa hiyo dada anaolewa. Wifi amerudi Dar, na kwa wema wake ametuachia mashine iwe zawadi ya harusi. Jana alipiga simu kusema kwamba siku ya sherehe mitiboli zipikwe kwa ajili ya ukoo mzima, na kwamba mpishi ni mimi, kwa kuwa nimeshazoea. Dada anasema nikikubali nisihudhurie. Kumwambia wifi hapana siwezi, mnanijua sasa. Basi ninyi mnaosoma, kama kuna aliyewahi kupata mchuzi kutoka kwenye mashine ile, au anayejua namna ya upole ya kuiharibu, naomba aniandikie kabla ng'ombe hajaanza safari. Mwandiko mbaya si kitu. Nitausoma polepole.