Nilimficha fizio ganzi ya mkono, sasa sijui nikubali upasuaji wa shingo au la

Salaam wakuu.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikafuta, sentensi hazikukaa nilivyotaka. Leo nauacha hivi hivi. Yote yamenitokea mimi, na mengine yananiaibisha.

Nina miaka 26, naishi Langoni, Lamu. Nashona kofia za mkono. Sikufundishwa na mtu. Nilichukua kofia kuukuu ya marehemu babu, nikaifumua yote nione ilivyoshonwa, kisha nikairudia mpaka ikatoka.

Kwa wasiojua, kofia moja ina vitobo vidogo mamia, na kila kimoja unakizungushia uzi kwa sindano. Ni kazi ya miezi. Mimi kitobo kikizidi mwenzake kidogo tu, nafumua.

Kwa hivyo shingo yangu imeinama miaka sita.

Mwaka jana ikaanza kukaza asubuhi. Kisha maumivu yakashuka begani, yakaingia mkono wa kulia. Mama akasema nichuliwe. Nikachuliwa kwa mafuta ya simsim, nikalala vizuri siku mbili. Binamu akanipeleka kuumikwa kwa chuku mgongoni, nikapata wepesi wiki moja. YouTube huyu anasema lala bila mto, yule anasema mto ni lazima. Yote nimeyaandika kwenye daftari, kwa rangi mbili.

Mwisho nikaenda kwa daktari Mombasa. MRI ikaonyesha diski mbili za shingo zimetokeza, na moja inabana mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi.

Yule daktari hanijui wala hajui kwetu, kwa hivyo nilimwambia kila kitu. Kidole gumba kina ganzi. Sindano inanidondoka bila kuhisi.

Akanieleza kwamba wengi hupata nafuu bila kupasuliwa, lakini mkono unaoishiwa nguvu ni jambo jingine. Nifanye mazoezi kwa fizio wiki sita, na nguvu zikizidi kupungua nirudi haraka tuzungumze upasuaji. Akanipa barua ya kumpelekea fizio.

Hapa ndipo nilipoharibu.

Fizio niliyempata Lamu ni Bi Salma. Bi Salma ni mama mdogo wa Athman, na kofia niliyokuwa nashona ilikuwa ya harusi ya Athman. Langoni ukikohoa chumbani, jirani anakuuliza umekunywa dawa gani. Nikajua nikitaja ganzi, kabla ya Magharibi nyumba ile yote ina habari, na kofia inahamia kwa fundi mwingine.

Nikamwambia ni shingo tu. Barua nikasema nimeisahau Mombasa. Alipopima mkono nikakaza vidole mpaka jasho likanitoka.

"Mshukuru Mungu," akasema. "Wewe huna haja ya kisu."

Wakuu, nikachanganyikiwa. Daktari anataja upasuaji, fizio anasema sina haja. Nikaandika hoja za kila mmoja, nikawa nazilinganisha kila siku kama hakimu. Sikuona kwamba kila mmoja alikuwa anamtibu mtu mwingine.

Wiki ya tano Bi Salma akaja nyumbani kuitazama kofia. Mama akamtilia kahawa. Akaigeuza polepole, akasimamisha kidole.

"Upande huu ameshona nani?"

"Mimi."

"Na huu?"

"Mimi pia."

"Huu ameushona mtu asiyehisi sindano."

Mama akacheka, akidhani ni mzaha. Bi Salma akanipa karatasi niibane kwa gumba na kidole cha shahada. Akaivuta. Ikatoka kama haikushikwa.

"Ulinidanganya upate nini?"

"Nisinyang'anywe kofia."

"Athman ana kofia nne. Wewe mkono wa kulia unao mmoja."

Mama hakuwa anacheka tena. "Na mimi, mwanangu? Hata mimi hukuniambia." Hilo ndilo lililoniuma kuliko shingo.

Bi Salma akampigia daktari hapo hapo. Akaniambia angalijua tangu siku ya kwanza angalinirudisha Mombasa mapema. Sasa naenda Jumanne.

Bado sijui nitajibu nini. Upasuaji unapitia mbele ya shingo, na daktari alishanionya kwamba ganzi huenda isiondoke yote. Nikikataa, mkono unaweza kuendelea kulegea. Mama ananiambia niswali istikhara kisha nimsikilize daktari. Binamu ana mtu wake wa kunyoosha shingo, na Bi Salma amemkataza hata kumtaja. Nafungua daftari, nafunga.

Kofia Athman aliichukua vile vile. Nilimwomba muda nifumue upande mbovu, akaivaa mbele yangu. "Huu utakaa nyuma, bwana. Nani atanitazama kisogo?"

Ijumaa ilikuwa nikahi. Mimi nilikaa safu ya nyuma yake. Khutba yote sikusikia neno, natazama vitobo vyangu kumi na kimoja vilivyolegea.

Nilichojifunza ni hiki: kama unatafuta maoni ya watu wawili, wape ugonjwa mmoja. Mimi nilipoteza wiki tano nikipima majibu, na kosa lilikuwa kwenye maelezo yangu mwenyewe.

Kama kuna aliyepasuliwa diski ya shingo, au aliyekataa, niandikieni kabla ya Jumanne. Hasa mnaofanya kazi za mikono. Je, vidole vilirudi kuhisi?