Simtanki la Mama Nice

Kwa miaka kumi na moja Mektilda alipika chakula cha mchana uani kwenye jengo moja la ghorofa Mchafukoge, na karibu miaka hiyo yote alikohoa. Wateja wake, wenye maduka na wapagazi wa Kariakoo, walimwita Mama Nice, kwa jina la bintiye. Walizipenda sana ndizi zake za nyama, upishi aliotoka nao kwao Kibosho. Ila moshi wa mkaa ulimchosha kifua, na maganda ya ndizi yalimchosha akili. Gari la taka lilikuja siku lilipojisikia. Likichelewa, nzi walipanda ghorofani, kisha Mzee Pantaleo akashuka.

Mzee Pantaleo, mtu wa Masasi, alilisimamia jengo kwa niaba ya mwenye nyumba na alikaa ghorofa ya kwanza na mkewe, Selina.

"Mama Nice, nzi wako wamefika kwangu," alikuwa akisema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kusema jambo hilo mara nyingi.

Krismasi moja Mektilda alikwenda kwao. Akamkuta kaka yake, Ansbert, anachemsha maziwa kwa gesi ya kinyesi cha ng'ombe inayotoka kwenye shimo nyuma ya zizi.

"Mimi mjini sina ng'ombe," Mektilda alisema.

"Kinyesi ni cha kuanzishia tu. Baada ya hapo lilishe makombo. Mle ndani kuna vijidudu, vinakula, vinajamba, wewe unapika."

Mektilda alicheka hadi akakohoa, lakini aliporudi Dar alinunua simtanki kuukuu la maji la lita elfu moja, bomba, na tyubu ya tairi la lori ya kuhifadhia gesi. Kinyesi alikifuata machinjioni Vingunguti. Mwenye mkokoteni aliyekileta alifunga leso puani njia nzima.

Mzee Pantaleo alilizunguka lile simtanki mara mbili.

"Unataka kutulipua?"

"Gesi hii haina presha kama ya mtungi, mzee. Nimeiweka mbali na jiko, na bomba lina koki."

"Nakupa mwezi mmoja. Nikisikia harufu, linatoka."

Wiki ya pili tyubu ilivimba. Mektilda akawasha kiberiti, moto haukushika. Ansbert akamwambia kwa simu kwamba gesi ya mwanzo huwa haiwaki, aiachie yote itoke, asubiri. Siku ya tano akajaribu tena, na safari hii moto wa buluu ukazunguka kichwa cha jiko. Alimwita Anifa, rafiki yake kutoka Newala aliyeuza matunda mlangoni mwa jengo. Wakachemsha chai, wakainywa macho yao kwenye jiko.

Anifa alifurahi kiasi kwamba akaamua kusaidia. Kila jioni alimwaga ndani ya simtanki mabaki ya meza yake, mengi yakiwa maganda ya machungwa na mananasi. Baada ya wiki moja moto ulififia, ukazima kabisa, na harufu kali ya uchachu ikatoka. Mzee Pantaleo alishuka ameziba pua.

"Mwezi haujaisha, Mama Nice, lakini pua yangu imekwisha."

Mektilda alimfokea Anifa mbele ya wateja. Anifa alisema tu, "Nilidhani nakusaidia," akarudi mezani kwake, na kwa siku mbili hawakusalimiana.

"Tumbo limechachuka," Ansbert alieleza kwenye simu. "Machungwa mengi hayafai. Usililishe kwa siku kadhaa, tia majivu kidogo na ndoo ya kinyesi kibichi."

Mektilda alifanya hivyo. Kisha alimpelekea Anifa sahani ya ndizi.

"Nilikufokea bure. Hata mimi sikujua."

"Nikikununia wewe, nitakula wapi?" Anifa alijibu, akaipokea.

Harufu ilikatika, gesi ikarudi. Jumapili iliyofuata Mektilda hakupika cha biashara, kama kawaida yake kila Jumapili, hivyo tyubu ilijaa. Jioni Selina alishuka ngazi mbio na sufuria mkononi.

"Mama Nice, wageni wa posa ya binti yetu wameshaketi. Mtungi umeisha na nyama haijaiva."

"Lete hapa."

Baadaye Mzee Pantaleo naye alitokea, amevaa suti, amebeba sufuria ya mchele. Alitazama ule moto.

"Haitanukia kwenye nyama?"

"Nusa mwenyewe, mzee."

Akainama. Palinukia iliki na mdalasini. Akainuka. "Ongeza moto basi," alisema. "Watu wana njaa."

Posa ilikubaliwa, na asubuhi yake tangazo lilibandikwa kwenye ngazi: kila mpangaji ashushe makombo yake kwenye ndoo yenye mfuniko, plastiki na machungwa hapana.

Gesi haikutosha kila kitu. Wali wa sufuria kubwa bado ulitaka mkaa. Lakini chai, maharage na mchuzi vilihama, na gunia la mkaa lililokuwa likiisha kwa wiki likaanza kufika wiki ya tatu. Nzi walipungua. Kikohozi nacho kilipungua taratibu, hadi siku moja Nice akamuuliza mama yake kama amebadili dawa.

Uji mweusi uliobaki kwenye simtanki ulikwenda bonde la Jangwani, kwa wakulima wa mchicha. Mmoja wao, Severine, alipoona mboga zinavyonawiri, alimwomba Mektilda aje awaonyeshe namna ya kutengeneza lao. Alikwenda na Anifa. Wakaliweka juu ya kifusi, maana bonde lile mvua zikija hufurika bila adabu.

Siku moto ulipowaka kule bondeni, Mektilda alipewa kikombe cha kwanza cha chai. Alikinywa amesimama, kwa sababu saa sita ilikaribia na wateja wake Mchafukoge walikuwa bado hawajala.