Kichaka cha Baba Mdogo

Shangazi yangu huotesha miche ya michungwa nyuma ya nyumba, na hiyo ndiyo riziki yake. Adui yake ni kichaka chenye maua ya njano ambacho baba mdogo alileta mbegu zake kutoka ng'ambo.

"Dada, Ulaya kinapamba vilima vizima," baba mdogo husema. "Hata Australia na Amerika walikipeleka."

"Na huko walikokipeleka sasa wanahangaika kuking'oa! Mbona hilo husemi?"

Mwaka huu shangazi alikubali kibaki kimoja tu, mradi baba mdogo achume maganda yenye mbegu kabla hayajakauka. Baba mdogo aliapa huku ameinua mikono yote miwili.

Jana mchana, jua likiwa kali, tulisikia pa! pa! Maganda yalikuwa yakipasuka yenyewe na kurusha mbegu juu ya vitalu vya miche.

"Nilikuwa nichume kesho," baba mdogo alijitetea.

"Kesho yako imeshajipanda!"

Shangazi aliacha chai yake, akaenda stoo na kurudi na jembe. Alimkabidhi baba mdogo.

"Mgeni ni wako, mdogo wangu. Msindikize mwenyewe, pamoja na mizizi yake."